Hati ya Kipimo cha Mkono

Kwa Dada yangu mpendwa,
Mlezi wa binti yangu,

KUHUSU: OMBI LA UAMUZI JUU YA MAKAZI YA BINTI KUANZIA MWAKA UJAO

Dada yangu wa heshima,

Shikamoo. Na baada ya shikamoo, nakuuliza kwanza habari za goti lako la kulia, lile linalogombana na ngazi. Halafu habari za cherehani, kwa kuwa siku cherehani inapougua na wewe huugua. Halafu za shemeji na kikohozi chake. Mimi ni mzima wa mwili. Meza yangu ipo palepale nje ya jengo la ofisi, chini ya kipande cha bati, na watu bado wananiletea shida zao niziandike kwa lugha ambayo wakubwa hawawezi kuitupa kapuni bila kuisoma mpaka mwisho.

Madhumuni ya barua hii ni mawili, nami nayataja mwanzoni kama inavyopasa. La kwanza ni kujibu swali lako. Uliniandikia kwamba Kinda, huyu binti yangu, alishuka kwenye basi akiwa amebeba uta wake umeviringishwa shuka, akaupandisha juu ya kabati la nguo, akasema baba hajambo anawasalimu, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemtuma avioshe. Tangu siku hiyo haendi mazoezini. Mkimuuliza, anasema amechoka. Ndipo ukaniuliza, kwa ule ukali wako nisioweza kuukimbia hata kwa umri huu: "We mdogo wangu, umemfanya nini huyu mtoto?"

La pili ni kuomba uamuzi. Unakumbuka kwamba miaka sita iliyopita, mama yake alipotutoka, tulikubaliana wewe na mimi mbele ya shemeji kwamba utakaa naye mpaka atakapotimiza miaka kumi na mitano, kisha atarudi kwangu aendelee na masomo huku. Makubaliano yale niliyaandika kwa mkono wangu, nakala mbili, nawe ulinicheka ukasema mtoto si kiwanja. Muda huo unatimia mwaka mpya. Chumba nimeshakipaka rangi na dirisha nimelitia kioo. Hata hivyo nakuomba usome yote yaliyomo humu kabla hujaniambia kama makubaliano yale yasimame au yavunjwe.

Naanza na uta wenyewe.

Wewe ni shahidi kwamba katika miaka hii yote sikupitisha mwisho wa mwezi bila kumwandikia mtoto kurasa mbili, naye hakupitisha wiki bila kunijibu. Barua zake nimeziweka katika jalada kwa kufuata tarehe. Kwa barua hizo nilijiona namjua mwanangu kuliko baba wanaolala nyumba moja na wana wao. Nilimjua mwalimu anayekosea hesabu ubaoni na kusingizia chaki. Nilimjua rafiki yake aliyehama na kuondoka na kifutio chake. Nilijua kwamba shuleni wameanzisha kikundi cha kulenga shabaha kwa mishale, na kwamba yeye, aliyekuwa akiogopa hata sindano yako ya kushonea, amependa mchezo huo mpaka anaota anavuta ugwe, ile kamba ya uta.

Katika barua mojawapo alinichorea picha. Unajua anavyotunga hadithi zake za falme zisizokuwepo, za watu wa ukunguni wanaoishi juu ya miti na kuzungumza na mazimwi kwa adabu. Zamani nilidhani ni mambo ya kupoteza karatasi, mpaka nilipozisoma za kwake. Picha ilikuwa ya uta wa malkia wa watu hao: uta mrefu wa mti mmoja, ncha zake zimejikunja kama pembe za kulungu, na pale pa kushikia pamechongwa ndege mwenye mabawa matatu. Chini yake aliandika kwamba uta huo haukosei shabaha kwa sababu unamjua mwenyewe.

Haukupita mwezi, akaandika kwamba timu ya shule yao itakuja kushindana katika mji wetu huu, na kwamba wanne watakaofanya vizuri zaidi watapelekwa kambi ya mazoezi wakati wa likizo ndefu, wafundishwe na walimu wanaojua. Katika ukurasa mmoja alilitaja neno kambi mara tisa. Nilihesabu. Aliongeza kuwa pinde za shule ni za plastiki na zimeshachoka, lakini hapo aliandika kama mtu anayezungumzia mvua, bila kuomba kitu. Hajawahi kuniomba kitu, Dada. Hilo nililiona kuwa ni malezi mema.

Nikaazimia atakapokuja aukute uta wa malkia wake unamsubiri.

Nyuma ya soko la mbao yupo fundi ambaye watu humwita Fundi Nyuta. Zamani alikuwa akitengeneza vitanda na milango; siku hizi anachonga nyuta tu, kwa ajili ya walenga shabaha na kwa ajili ya hao wapenzi wa hadithi za majoka. Karakana yake ni chumba kirefu chenye dirisha moja, na unga wa mbao umelala kila mahali, hata kwenye nyusi zake. Ukutani zimetundikwa nyuta za kila namna. Upo wenye kichwa cha joka kila ncha. Upo wenye magamba ya nyoka yaliyochomwa kwa msumari wa moto, gamba baada ya gamba. Upo uliopakwa rangi ya fedha na kuandikwa herufi za ajabu. Nilipouliza ni lugha gani, fundi alinijibu kuwa amezitunga mwenyewe, na asubuhi yake alikuwa ameshasahau maana. Aliniambia nisibabaishwe na za ukutani, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa watu wanaotaka kupiga picha nazo. Mtu anayetaka kupiga shabaha, akasema, huanza kuchagua kwenye mti.

Nilikwenda kuchagua mara tano. Fundi alinifundisha kuugonga ubao kwa kifundo cha kidole na kuusikiliza. Alinifundisha kuufuata uzi mmoja wa mti kwa ukucha kutoka ncha hadi ncha, kwa maana pale uzi unapotoka nje ya ukingo ndipo uta utakapovunjika siku moja. Mti mwekundu, alisema, una kasi lakini una hasira. Ule wa manjano ni mpole ila mvivu. Nikavikataa vipande vitatu. Mara ya nne alipiga makofi akawaita majirani waje wamwone bwana anayechagua mti utadhani anamchagulia mwanawe mchumba. Mwishowe nikachagua kipande chenye rangi mbili, nje cheupe na ndani kahawia, ambacho uzi wake ulinyooka toka mwanzo hadi mwisho bila kutoroka mahali popote.

Tulibishana pia kuhusu pembe. Mimi nilizitaka kama zilivyo katika picha, ndefu na zilizojikunja. Fundi alisema ncha nzito humchosha mti, na mshale utatoka kama mgonjwa anayetoka hospitali. Tukapatana ziwe pembe fupi, nyembamba kama kucha, ziweze kuushika ugwe bila kuuelemea mti. Ndege alimchonga kama alivyo, mabawa matatu kamili, akiniuliza mara kwa mara lile la tatu ni la kazi gani. Nilimjibu kuwa sijui, ila limo katika hati. Alicheka sana. Tangu siku ile akawa ananiita Bwana Nukta, akisema hata nikikohoa naweka nukta mwishoni.

Kisha akaniuliza kipimo cha mtoto.

Hapa nitaeleza kwa ukamilifu, kwa kuwa ndipo jambo lilipoharibikia. Uta mrefu wa mkono haununuliwi kama ndoo, Dada. Fundi huufundisha mti kujipinda kidogo kidogo, leo kidogo, kesho kidogo, akiupara upande uliokaza, mpaka ufike mwisho wa mkono wa mwenyewe. Hapo huacha. Mti ukishazoeshwa kufika hapo, hapo ndipo mwisho wake. Ukiulazimisha zaidi utakupasukia usoni. Na urefu wake unapaswa kumzidi kimo mwenyewe. Kwa hiyo fundi hutaka uzi uliopimwa toka katikati ya kifua hadi ncha ya kidole kirefu, mkono ukiwa umenyooshwa. Aliniambia nimlete mtoto. Nikamwambia yuko mbali. Akasema hakuna tabu, nimwandikie anayeishi naye ampime kwa uzi, autie ndani ya bahasha, autume. Ni kazi ya dakika moja.

Dakika hiyo moja, Dada, ndiyo iliyonishinda. Kukuandikia wewe nikuombe uzi kungekuwa ni kukiri kwamba sijui binti yangu ana urefu gani. Na nilijua utakavyonijibu. Ungeutuma uzi, na chini yake ungeandika sentensi moja.

Nilimwambia fundi kuwa kesho nitaleta kipimo. Nikarudi nyumbani, nikatoa sandukuni sweta aliloliacha likizo ile ya mwisho aliyokuja, miaka miwili na nusu iliyopita. Nikalitandaza mezani, nikapima toka katikati ya kifua hadi mwisho wa mkono wa sweta, nikaongeza kiganja changu, kisha nikaongeza vidole vitatu kwa ajili ya ukuaji. Vidole vitatu niliviona ni ukarimu. Kwa kimo, nilikumbuka alivyokuwa akinifikia kifuani, nikaongeza shibiri. Halafu, kwa kuwa nina mazoea ya kazi yangu, nikaandika Hati ya Kipimo: mimi niliyetajwa hapa chini, baba mzazi wa mlengwa, nathibitisha kuwa uzi ulioambatanishwa ndio urefu halisi wa mkono wa binti yangu. Nikatia sahihi na tarehe.

Fundi Nyuta alisema tangu azaliwe hajaona mkono wenye hati, akaniuliza kama kesho nitamletea na cheti cha ndoa cha kiwiko. Lakini aliiheshimu. Aliibandika ukutani juu ya meza yake, akafanya kazi kwa kuifuata kwa muda wa miezi miwili.

Uta ulipokamilika, niliufuata uzi wa mti kwa ukucha toka ncha hadi ncha. Fundi alitengeneza na mishale kumi na miwili, na kwenye kila mshale akafunga uzi mwekundu kuonyesha mahali ambapo haifai kuvuta kupita hapo. Nikaubeba nyumbani kwa miguu, nikiuhamisha bega hili na lile, watu wakinipisha njia.

Kinda alifika siku tatu kabla ya mashindano. Timu ililala katika shule moja ya hapa mjini, lakini mwalimu wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya filimbi, alimruhusu alale kwangu. Nilimpokea kituoni, akaniamkia, tukaenda nyumbani. Mchana ule nilimkabidhi uta wake. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi, na niliisoma yote. Alipoufunua uta kutoka kwenye shuka alimgusa yule ndege kwa kidole, bawa la kwanza, la pili, la tatu. Akaniuliza kama nilikuwa nimeitunza ile picha. Nikamwambia ipo katika jalada. Alilia kidogo, akasingizia vumbi la mbao.

Kesho yake nilimtuma akamshukuru fundi, kama adabu inavyotaka. Alikawia kurudi. Nilipomuuliza kulikoni, alisema fundi ni mcheshi, amemchelewesha kwa maneno. Nikaliamini hilo, maana ni kweli fundi ana maneno.

Siku ya mashindano nilikaa mstari wa mbele kwenye benchi, na Fundi Nyuta alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na lango. Shabaha zilikuwa za majani makavu yaliyofungwa na kufunikwa karatasi yenye duara. Wenzake walivuta pinde zao za plastiki mpaka ugwe ukagusa shavu. Kinda hakuvuta hivyo. Alivuta kidogo, kiwiko kimekunjika, mkono umejibana kama wa mtu aliye ndani ya chumba chembamba, akaachia. Mshale ulianguka chini ya shabaha. Wa pili ukaanguka. Wa tatu ukagusa ukingo. Mwalimu alimwendea na uta wa shule, nikamsikia akimwambia, "Mwanangu, chukua huu, usijiue kwa mapambo." Kinda akatikisa kichwa. Akasema ataendelea na uta wa baba yake.

Akamaliza mishale yote namna ile. Alikuwa wa mwisho kwa mbali. Wanne wa kambi wakatajwa, naye akawapigia makofi mmoja mmoja kwa majina yao.

Tukiwa njiani kurudi nilimsema. Sikumgombeza kwa kelele. Ungesikia, ungesema ni mtu anayesoma tangazo. Nilimwambia kwamba kipaji bila juhudi ni shamba lisilolimwa. Nilimwambia kuwa mti ule uliteuliwa kwa uangalifu mkubwa, na kwamba mtu aliyepewa chombo kizuri namna ile akavuta nusu mkono, huyo ameidharau kazi ya watu wawili. Kila neno lilikuwa mahali pake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nisamehe, baba. Mkono uliniuma." Kisha akaomba anibebee mfuko wangu.

Asubuhi yake, kabla ya basi la saa sita, nilikwenda kwa Fundi Nyuta nikiwa na barua ya malalamiko, ukurasa mmoja na nusu, kwamba uta wake hauna nguvu. Aliisoma akiwa amesimama. Hakutania. Alinivutia kiti, akaniambia kuwa alimpa mtu ahadi ya kunyamaza lakini sasa imemkaa kooni.

Alinieleza kwamba siku ile Kinda alipoingia karakanani, yeye fundi alimtazama mara moja tu akajua. Alimwambia anyooshe mkono, akaulinganisha na mshale, ule uzi mwekundu ukaishia mbali kabla ya mwisho. Akamwambia mtoto kuwa uta huu si wake, ni wa mtu mwingine mdogo, na akiuvuta mkono wake wote utapasuka na vipande vitamwingia machoni. Akamwambia amwachie, atamwazima mwingine wa kushindania, na baadaye atamchongea mpya bila kero yoyote. Kosa la kipimo ni jambo la kawaida. Kinda akauliza kipimo kilitoka wapi. Fundi akaionyesha hati ukutani. Alisema mtoto aliisoma kuanzia juu hadi kwenye sahihi, akairudia, akatabasamu, akasema, "Huu ni mwandiko wa baba."

Kisha akamwomba fundi asinieleze. Alimwambia kuwa baba amechagua mwenyewe, amekwenda mara tano, na kwamba akijua atahuzunika, na yeye hataki baba yake ahuzunike kwa siku tatu tu walizonazo. Akauliza: je, akivuta mpaka kwenye uzi mwekundu na kuishia hapo, uta utakuwa salama? Fundi akajibu utakuwa salama, lakini mishale haitafika. Mtoto akasema, basi isifike.

Nilikwenda kituoni. Wenzake walikuwa wameshapanda. Tulizungumza habari za siti, za maji ya kunywa njiani, za kukusalimu wewe. Sikusema neno lolote kuhusu niliyoyasikia. Basi lilipoanza kusogea alitoa kichwa dirishani akaniambia, "Baba, uta ni mzuri sana." Nikamjibu kwamba nashukuru kwa kauli yake.

Dada, mpaka hapa nimekueleza kama ambavyo Fundi Nyuta anaamini, na kama ambavyo Kinda anaamini: kwamba mimi nilikosea kipimo kwa kutojua; Kinda anadhani sijui hata leo, na fundi anadhani yeye ndiye aliyenifumbua macho. Sivyo. Aya ya mapokezi kituoni niliyoiandika hapo juu ina upungufu, nami naisahihisha.

Siku ile ya kuja kwake nilifika mapema. Basi liliposimama nilisogea mlangoni nikamtafuta mtoto anayenifikia kifuani. Walishuka wote. Alikuwepo msichana mrefu mwenye begi la bluu, kanipita kimo kwa vidole viwili, nikampita kama unavyoipita nguzo. Nikazunguka nyuma ya basi, nikarudi, nikampita tena. Safari hii nilimwomba samahani anipishe. Akanipisha. Nikaenda kwenye dirisha la tiketi kuuliza kama kuna basi lingine. Katika kioo cha dirisha lile nilimwona yule msichana nyuma yangu. Alikuwa ananitazama. Alifuta uso kwa kiganja, mara moja, akachukua begi lake, akapanda tena ndani ya basi lililokuwa tupu. Halafu akashuka upya, kwa haraka, kama mtu aliyekuwa amechelewa kwenye siti ya nyuma, akaita, "Shikamoo, baba!" kwa sauti ya mama yake.

Nikageuka nikasema, "Marahaba, mwanangu, umekua!" Naye akacheka. Tukakubaliana hivyo bila kukubaliana.

Kwa hiyo tangu hapo nilijua. Nilipomkabidhi uta, aliusimamisha kando yake, na ncha iliyopaswa kumzidi kichwa ilimfikia kwenye nyusi. Niliiona. Nilikuwa na siku tatu. Karakana ya fundi ni mwendo wa robo saa. Lakini hotuba ilikuwa imeshaandikwa, na ndani yake kulikuwa na maneno "mimi ninayekujua kuliko yeyote." Nikaisoma. Na nilipomtuma kwa fundi akashukuru, nadhani kuna sehemu ya moyo wangu iliyotaka fundi aseme badala yangu. Fundi akasema, mtoto akanificha ili nisiumie, nami nilikuwa nimeshaficha ili nisiaibike. Na uwanjani, alipovuta nusu mkono, nilijua kwa nini. Nilijua nikiwa nimekaa palepale mstari wa mbele. Ningeweza kusimama nikasema, mpeni uta wa shule, kosa ni langu. Watu walikuwa wengi na wengine wananifahamu kwa kazi yangu. Badala yake nikamsubiri njiani nikamwambia hana juhudi. Hata ile barua ya malalamiko niliyompelekea fundi niliiandika nikijua. Nilitaka iwepo karatasi inayosema kosa ni la mwingine.

Hilo ndilo nililomfanyia huyu mtoto. Umeniuliza, nimejibu.

Nimeandikia watu maombi kwa miaka ishirini na mmoja. Wajane, waliofukuzwa kazi, waliopotelewa na vyeti. Huwa nawaambia wasitaje sifa zao kabla ya haja yao, na wasilie ndani ya karatasi kwa kuwa wino husambaa. Kwa hiyo sitakuandikia jinsi chumba kile kilivyo nikifungua mlango. Sitaandika pia kwamba miaka sita iliyopita nilikupa mtoto kwa sababu nilishindwa kumsikia akimwita mama yake, ingawa katika nakala zile mbili niliandika kuwa ni kwa sababu ya mazingira ya kazi. Haya si hoja za ombi. Nayataja ili kumbukumbu iwe sahihi.

Nimefikiri nimwandikie yeye mwenyewe. Nimeanza mara nne. Kila mara barua inatoka nzuri, na kila ikitoka nzuri naichana. Kwa hiyo nakuachia wewe uamue kama asomewe hii au asisomewe. Kama atasomewa, usiruke aya ya kituoni.

Kuhusu makubaliano, kwa maandishi haya naondoa haki yoyote niliyokuwa nayo kwa nakala ile iliyo kwangu. Wewe umemlea, unaujua mkono wake ulivyo leo asubuhi. Ukisema aje, nitakuja kumchukua mwenyewe kwa miguu yangu, na nitamtambua. Ukisema abaki, sitakata rufaa wala sitauliza sababu.

Mfikishie shemeji salamu zangu, na umwambie dawa ya kikohozi anywe kwa kijiko, asinywe kwa kukadiria. Goti lako ulikande kwa maji ya moto. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Kwa Kinda sina salamu ya kutuma kabla ya jibu lako.

Naomba uamuzi wako, kwa neno moja tu: aje, au abaki.

Ni mimi, mdogo wako,
Mwandishi wa barua za watu